Mshale au Nyundo

3 Februari

Kwa muuzaji wa treni ndogo,

Orodha yenu ya bidhaa niliikuta kwa daktari wa meno, kwenye meza ya kungojea, na aliniruhusu niichukue. Nataka kutandika reli nyumbani. Nafasi niliyo nayo ni ukumbi mwembamba unaotoka mlango wa mbele hadi jikoni, mita saba na nusu. Sitaki duara. Nataka reli iliyonyooka.

Mnauza chapa mbili, Mshale na Nyundo. Orodha inaeleza rangi, idadi ya taa na mlio wa honi. Haielezi ninachotaka kujua. Kichwa cha treni kikiwa kwenye mwendo wa juu, ukakata umeme, kinaendelea sentimita ngapi kabla ya kusimama? Naomba jibu la kila chapa, mkiwa mmepima, msikisie.

Honi sihitaji.

Wasalaam,
Mteja, nyumba yenye mlango wa kijani, barabara ya nyuma ya bohari


9 Februari

Mteja wetu wa mlango wa kijani,

Miaka kumi na moja nimekaa kwenye dirisha hili la maagizo ya posta, nami nimeulizwa mengi. Kuna aliyeuliza kama treni inaweza kupita chini ya kitanda bila kumwamsha mama mkwe. Kuna aliyetaka behewa la kubebea chumvi mezani, na tulimpa. Swali lako hakuna aliyewahi kuliuliza. Nilikwenda nalo hadi karakana ya nyuma kwa fundi wetu, ambaye tunamwita Miwani kwa sababu huvaa mbili, moja machoni na moja imepanda kwenye paji. Alicheka. Kisha akaacha kucheka, akatafuta futi, na asubuhi yote ikaishia hapo.

Haya, majibu yamepimwa. Mshale: sentimita mbili. Ukizima tu imeganda. Nyundo: thelathini na nane. Ndani ya Nyundo kuna kisahani kizito cha shaba kinachozunguka pamoja na mota. Umeme ukikatika kisahani hakina habari, kinaendelea kuzunguka na kusukuma magurudumu.

Sasa ushauri wangu, na mimi simuuzii mtu mbuzi kwenye gunia. Nyundo ninazo saba rafuni, ningefurahi zitoke, lakini wewe ni mgeni wa mambo haya na mwisho wa ukumbi wako ni jikoni. Chukua Mshale. Ni nyepesi, ina adabu, inasimama unapotaka. Nyundo itakuletea kilio kwenye miguu ya meza. Tena amua ukiwa umekaa chini, maana reli zao hazipatani, kimo ni kingine na kifungio ni kingine. Ukianza na chapa moja umeshafunga ndoa.

Nimekuwekea zawadi ya mteja mpya: pakiti ya watu wadogo sita wa kusimamisha kando ya reli. Mmoja ana mwavuli.

Wako dirishani,
Muuzaji


14 Februari

Kwa muuzaji,

Nashukuru kwa vipimo.

Nyundo. Kichwa kimoja, mabehewa mawili, reli zilizonyooka za kutosha mita saba, transfoma moja. Naomba vifike kabla ya katikati ya Machi. Tarehe 18 Aprili nina mtihani wa kazi, na ninahitaji muda.

Watu nimewaweka kwenye droo. Tafadhali msitume wengine.

Wasalaam,
Mteja, mlango wa kijani


15 Februari

Dada muuzaji,

Hunijui. Mimi ni mke wa yule wa mlango wa kijani. Anwani yako nimeiona kwenye bahasha aliyoiacha mezani jana, na barua yake nimeisoma, na yako pia. Ni vibaya, najua.

Mume wangu ni dereva wa treni, hizi kubwa, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Wenzake wanamwita Saa Kamili. Mwezi wa Novemba, saa nne asubuhi, jua limewaka vizuri, mwanamke mmoja alivuka reli mbele yake. Alipiga honi, akavuta breki. Treni ilikwenda mita mia saba ndipo ikasimama, na yule mama alikuwa mita mia mbili tu mbele. Uchunguzi ulimwondolea lawama zote. Walisema hata malaika asingeisimamisha.

Tangu siku hiyo yupo na hayupo. Anakula nikimwekea, analala nikimwambia usiku umekwenda. Hajalia, hajagomba, hajavunja hata kikombe. Ukimuuliza vipi, anasema sawa. Nilishona jioni nzima kanzu ya mteja wangu, yeye yuko pembeni, nikajichoma sindano nikapiga kelele, hakugeuka. Namwogopa kidogo, dada, na sijawahi kumwogopa.

Tarehe 18 Aprili atawekwa tena kwenye kiti, mkaguzi nyuma yake. Akifaulu anarudi kuendesha. Akishindwa atahamishiwa stoo ya vipuri, na basi. Yeye anataka kurudi. Sasa ona, anataka kuniletea ukumbini kitu kisichosimama. Nikiwa jikoni kitakuwa kinanijia miguuni. Hicho kitammaliza.

Nakuomba kama ndugu: mwambie Nyundo zimekwisha, mpe hiyo nyingine. Ukinijibu, tumia anwani hii ya chini, ni ya kiwanda ninakoshona sare za shule. Yeye asijue.

Mimi,
Mke wa dereva


22 Februari

Dada yangu mshonaji,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Nisamehe kwa ule mwavuli. Nilimtumia mtu huyo watu wa plastiki wa kusimama kando ya reli nikadhani nachekesha. Tangu jana najiona mjinga.

Siwezi kumwambia zimekwisha. Mkono wangu huu ulishamwandikia kwamba zipo saba rafuni. Tena mume wako si mtu wa kudanganywa kwa maneno, swali lake la kwanza tu linaonyesha. Lakini nimezungumza na Miwani. Anasema kile kisahani cha shaba kinatoka, ni kazi ya robo saa. Tutampelekea Nyundo, yenye rangi ya Nyundo na kifuniko cha Nyundo, ila itasimama kama Mshale. Ataiona inasimama, moyo utamtulia, aingie kwenye mtihani wake akiwa na nguvu.

Sijawahi kumpelekea mteja kitu kilichopunguzwa. Hiki nakipeleka kwa ajili yako. Mwenye duka hajui, naomba asijue.

Jikaze, dada.
Muuzaji


6 Machi

Kwa muuzaji,

Mzigo umefika ukiwa kamili isipokuwa jambo moja.

Nimetandika reli, nimechora mstari wa chaki kwenye mita ya nne, nikaendesha kwa mwendo wa juu na kukata umeme kwenye chaki. Kichwa kilisimama baada ya sentimita mbili. Nilirudia mara ishirini. Kisha nikakipima kwenye mizani ya jikoni. Orodha yenu inasema gramu mia nne na tisini. Mizani ilisema mia nne na kumi. Kazini kwetu treni isiyojulikana uzito haiondoki kituoni, kwa hiyo niliazima bisibisi ya fundi saa nikakifungua. Mahali pa kisahani pana mhimili mtupu wenye mikwaruzo ya koleo.

Sijui nani alikuagiza. Siulizi.

Sababu yangu sikukueleza mara ya kwanza kwa kuwa ulikuwa unauza na mimi nilikuwa nanunua. Sasa naieleza. Mimi ni dereva wa treni, na mwezi wa Novemba niligonga mtu. Tangu hapo kila ninapoingia kitu kinasimamishwa. Kwenye chumba cha mapumziko wanazima redio. Jirani aliwakataza watoto wake wasikimbie kwenye ngazi nikipita. Mke wangu anaweka sahani mezani kwa mikono miwili, polepole, isilie. Wote wananipenda, hilo nalijua. Ninalijua tu, silisikii popote mwilini.

Ukivuta breki ya dharura, mkono wako umemaliza kazi yake yote. Hakuna kingine cha kushika. Siku ile zilibaki sekunde nane, nami nilikuwa nimekaa kitini. Watu wanadhani ninachoogopa ni kugonga. Ninachoogopa ni hizo nane, na kwamba zikija tena nitafumba macho. Mkaguzi ataniamuru nivute breki mahali nisipopajua. Nitatakiwa nivute, halafu niangalie mbele hadi isimame. Anayefumba macho ameshindwa, hiyo ndiyo kanuni, na ni kanuni nzuri.

Nilitaka kujifunza kwa sentimita thelathini na nane. Umenipelekea mbili. Nirudishie kisahani changu.

Dereva, mlango wa kijani


12 Machi

Bwana Dereva,

Ni mimi. Niliagiza kitolewe, Miwani akakitoa huku akinung'unika, na mtu wa kulaumiwa ni huyu aliye dirishani. Kwanza nilikuona mteja msumbufu. Halafu nikakuonea huruma. Sasa nimeona kwamba nilipokuona msumbufu ndipo nilipokutendea haki, kwa sababu angalau nilipima.

Kisahani kimo ndani ya bahasha hii, nimekizungushia kitambaa. Miwani ameongeza koleo ndogo na karatasi yenye mchoro, ingawa anasema mtu aliyegundua kwa mizani ya jikoni hahitaji mchoro. Mhimili utaukuta umekwaruzwa, lakini utashika. Weka tone moja la mafuta, mawili yatarukia mota.

Nilikaa na bahasha hii siku mbili nikisita kuipeleka. Naogopa, Bwana Dereva, nikwambie kweli. Nimeipeleka hivyo hivyo.

Samahani.
Muuzaji


29 Machi

Dada muuzaji,

Nilikukasirikia sana ulipokirudisha kile kidude. Nilikukasirikia wiki nzima, nikashona mikono ya mashati kumi na mbili upande usio wake, nikaifumua yote. Sasa nakuandikia kwa sababu sina mwingine anayejua.

Alikifunga mwenyewe kwenye meza ya jikoni, kwa tone moja la mafuta. Kila asubuhi baada ya chai anaendesha. Anasimama kando ya chaki, mkono kwenye swichi. Treni ikifika anakata, halafu anaweka mikono nyuma ya mgongo. Treni inaendelea peke yake. Siku ya kwanza niliona nikiwa jikoni kwamba alifumba macho. Siku ya pili pia. Siku ya nne sikuona tena akifumba. Mimi ndiye niliyekuwa nafumba.

Jana alifungua droo akatoa ile pakiti yako. Nilimwambia acha. Aliwamwaga kiganjani akachagua mmoja, yule wa mwavuli akamrudisha, akamsimamisha aliyemchagua katikati ya reli, shubiri moja kupita chaki. Akaniambia, "Njoo usimame na mimi."

Nikaenda. Ningefanyaje?

Alikata umeme. Mikono nyuma. Treni ikaja, dada, ni kitu kidogo, hakifiki hata urefu wa kiatu, na mimi nilimshika mkono kwa nguvu nikamwachia alama za kucha. Ikamgonga yule mtu akarukia chini ya kabati la viatu. Ikaenda mbele kidogo, ikasimama.

Akasema, "Alikuwa amebeba ndoo. Ya bluu."

Miezi minne hajawahi kuniambia hata yule mama alivaa nini. Akasema, "Honi ilipolia aliiweka ndoo chini. Aliiweka vizuri, isimwagike. Halafu akaniangalia."

Nikamkumbatia. Alikuwa mkavu kama ubao wa kupigia pasi. Akaniambia kwa sauti yake ile ya sawa, "Mtoe huko chini, tuweke tena." Nikapiga magoti nikamtafuta kwa ufagio. Tuliweka tena mara kumi na moja. Kila mara nilikwenda mimi kumtoa chini ya kabati, na kila mara alikuwa ananingoja, hajageuza uso. Niliyelia ni mimi. Yeye alinipa leso.

Kwa hiyo sasa anaweza kuangalia. Wewe na Miwani mmemsaidia, na mimi nilitaka kumzuia. Zimebaki wiki tatu. Wanawake wenzangu kiwandani wananiambia tunakuombea mumeo afaulu, nami naitikia amina. Nikiwa peke yangu kwenye cherehani sijui niombe nini.

Mke wa dereva


21 Aprili

Kwa muuzaji,

Nakuandikia kwa sababu wewe ulipima, na aliyepima anastahili matokeo.

Mtihani ulifanyika Ijumaa. Mabehewa tisa, matupu. Mkaguzi alisimama nyuma yangu kwa nusu saa, kisha akasema vuta. Tulikuwa kwenye mnyooko mrefu kabla ya daraja. Nilivuta. Tulikwenda mita mia sita na arobaini. Niliangalia mbele muda wote. Niliona kokoto, mataruma ya reli, mfuko wa plastiki umenasa kwenye waya, na nguzo moja ya kilomita. Hakukuwa na mtu. Nilikuwa nimemtarajia yule mama, na hakuwepo. Treni iliposimama mkaguzi alisema, "Macho wazi," akaandika. Nilikuwa naisikia kalamu yake.

Nimefaulu. Jumatatu ijayo narudi zamu ya asubuhi. Aliyekalia kiti changu tangu Novemba ana mwaka mmoja tu kazini. Alikuja kunipa mkono karakanani akaniuliza inakuwaje, ile siku ikikufikia. Nilitaka kumwambia sawa. Nikamwambia zinabaki sekunde nane na huna la kufanya, na akae chini nimweleze. Tulikaa kwenye sanduku la mchanga. Aliuliza maswali mazuri. Ni mara ya kwanza mtu kuniuliza kitu ninachokijua.

Nyumbani mke wangu alinipongeza, akanivua koti, halafu akaenda kufua shuka zilizokuwa safi. Nilizijua ni safi kwa sababu nilizianua mwenyewe asubuhi. Nilimfuata uani. Alikuwa amezama hadi viwikoni kwenye povu, akaniambia bila kugeuka kwamba alikuandikia barua, kwamba kisahani kilitolewa kwa ombi lake. Nilimwambia hilo nililihisi tangu Machi, kwa jinsi alivyokuwa akinikwepa macho nilipokuwa nikipima.

Akasema, "Hujamaliza kusikia. Siku zote hizi nilikuwa naomba ushindwe."

Nilikaa kwenye ngazi ya uani. Nikamwambia, "Hata mimi."

Sikujua kama nitasema hivyo. Nilipolisikia likitoka nilijua ni kweli. Ningeshindwa, wangeamua wao, nami ningepanga nati kwenye makasha hadi nistaafu, na hakuna ambaye angeninyooshea kidole. Nililia hapo, Bi Muuzaji, kwa muda mrefu, sijui dakika ngapi, sikuziangalia. Mke wangu alikuja na mikono yake yenye povu akakaa ngazi ya chini yangu, akaegemea magoti yangu, suruali ikalowa.

Baadaye aliniuliza, kwa hiyo hutakwenda? Nikamwambia nitakwenda. Akaokota shuka moja iliyokuwa imeanguka kwenye sakafu ya uani, akaikung'uta, akaniuliza zamu inaanza saa ngapi ili ajue atachemsha chai saa ngapi.

Dereva